Acheni Kuisingizia Asidi ya Laktiki

Nimechoka kuombwa nikande mapaja "ili asidi itoke". Mtu kapanda mlima Jumamosi, Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume huku kashikilia ukuta, na jibu tayari analo: ni asidi ya laktiki. Kaambiwa na nani? Na kocha wake. Haya.

Kupanda tukupitie haraka. Kule kuhema kwa dakika za mwanzo ni moyo na mapafu kutofikia bado mahitaji ya misuli. Punguza mwendo, pumzi itatulia. Ukikazana, misuli inachoma sukari kwa kasi na laktati, ndiyo hiyo watu wanayoiita asidi ya laktiki, inaongezeka kwenye damu. Hapo kocha hajakosea. Ila laktati si taka. Moyo unaitumia kama nishati, misuli mingine nayo vilevile, na ini linaigeuza kuwa sukari tena. Ukishapumzika, baada ya saa moja hivi imerudi kiwango chake cha kawaida. Sasa kitu kilichokwisha Jumamosi hiyohiyo kitakuumizaje Jumatatu?

Kilichokuumiza ni kuteremka. Kila hatua ya kushuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa irefuke. Kazi hiyo ndiyo inayoitesa, na maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Tena angalia: laktati nyingi huzalishwa wakati wa kupanda, ukishuka taratibu haiongezeki sana. Ingekuwa yenyewe, wanaopanda tu wakarudishwa kwa gari ndio wangelia zaidi. Hawalii.

Kliniki huwa nasema "misuli imechanika kidogo" kwa sababu mtu anaelewa upesi. Ukweli ni kwamba kiasi cha uharibifu hakilingani sawasawa na maumivu. Wapo watafiti wanaoulaumu utando unaofunika msuli, wapo wanaotaja neva zilizoongezewa wepesi wa kuhisi. Ubishi haujaisha.

Dawa yake ni kushuka vilima vidogo kabla ya mlima mkubwa. Hata mteremko mmoja huukinga msuli kwa wiki kadhaa. Kukanda nitakukanda, utapata nafuu kidogo, lakini hakuna kitakachotoka. Ila ukiona mkojo umekuwa wa kahawia, usije kwangu. Wahi hospitali siku hiyohiyo.