Safari ya Uprofesa wa Hisabati, na Mahali Mabinti Wetu Wanapoishia

Wazazi wa Kisumu na Kakamega hutuuliza sana: binti akisomea hisabati chuo kikuu, atafanya nini zaidi ya kufundisha sekondari? Kazi zipo: bima, benki, takwimu za serikali, hata kukadiria uenezi wa malaria, ugonjwa unaoisumbua kanda hii ya ziwa kuliko sehemu nyingine ya Kenya. Ila kuna moja isiyotajwa, nayo ni uprofesa.

Njia ni ndefu. Shahada ya kwanza miaka 4, kisha uzamili (shahada ya pili), kisha uzamifu (shahada ya udaktari, PhD). Hapo mtu huwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshirika, ndipo profesa kamili. Anayepanda ni yule aliyechapisha makala katika majarida ya kitaaluma na kusimamia wanafunzi wa uzamili na uzamifu mpaka wakahitimu. Kufundisha vizuri peke yake hakutoshi, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Ninavyoona mimi, mabinti hawaachi kwa kushindwa na hesabu. Wanamaliza shahada ya kwanza na alama nzuri, halafu miaka ya uzamili inagongana na ndoa, watoto na karo isiyo na mlipaji. Hapo ndipo mlezi wa kitaaluma anapohitajika, wala kazi yake si hotuba (hizo wamezisikia hadi zikawachosha). Humwita mwanafunzi ubaoni aandike uthibitisho mbele ya wenzake, na akikwama amwachie nafasi ajinasue mwenyewe. Humpa tangazo la ufadhili kabla siku hazijapita. Barua ya mapendekezo anayomwandikia hutaja nadharia aliyoifanyia kazi, si adabu yake tu. Akijifungua katikati ya tasnifu, hupanga naye upya tarehe za kuwasilisha sura.

Waliotangulia wapo. Grace Alele-Williams wa Nigeria alihitimu uzamifu Chicago mwaka 1963, na 1985 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu nchini mwake. Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani iliyoanza kutolewa 1936, ilisubiri hadi 2014 kumfikia mwanamke, Maryam Mirzakhani wa Iran.

Siku hizi uamuzi unaanza mapema zaidi. Gredi ya 10 ina hisabati ya kina kwa mkondo wa sayansi, na nyepesi kwa mikondo mingine. Anayekimbilia nyepesi kwa kuogopa alama atapata taabu kusomea hisabati chuo kikuu baadaye. Mzazi, kabla fomu ya kuchagua mkondo haijajazwa, keti na binti yako pamoja na mwalimu wake wa hisabati.