Mwezi mwandamo hauchomozi

Kila zinapokaribia siku za kuutafuta mwezi wa Ramadhani au wa Iddi, maneno haya hunifikia barazani, redioni na kwenye simu: "Mwezi umechomoza." Husemwa jioni, watu wamesimama Forodhani, Unguja, au ufukweni Wete, Pemba, nyuso zote zimeelekea magharibi. Mara ya mwisho nimeyasikia kwa mwalimu wa skuli akiwasomesha watoto, na hapo nikaona yafaa kuyaandikia.

Kuchomoza ni kutokeza upande wa mashariki. Jua hutoka huko, mwezi hutoka huko na nyota pia, kwa sababu dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Kuandama ni kuonekana kwa hilali, yaani kimwezi chembamba, magharibi, baada ya jua kuchwa, mwezi mwengine wa Kiislamu ukaanza. Maana ni hizo tu. Lakini mtu akizichanganya anaharibu mengi, tena yanayotugombanisha kila mwaka.

Kile kimwezi cha jioni ile kimo njiani kuzama. Kilichomoza asubuhi, muda mfupi baada ya jua, kikapita juu ya vichwa vyetu mchana kutwa na mwanga wa jua ukatuzuia kukiona. Jua linapozama na anga kuanza kufifia, ndipo macho yanapokipata, na muda wenyewe ni mfupi: pengine nusu saa, pengine saa moja, nacho kinashuka. Ukitulia utakiona kinavyoshuka. Kitazame na umbo lake. Huku kwetu karibu na ikweta hilali hulala karibu chali, ncha zote mbili zimeelekea juu na upande wenye nuru uko chini. Huko chini ndiko liliko jua, limeshatangulia nyuma ya upeo wa bahari, na hilali inalifuata.

Yanayofuata mwezi mzima ni ya hesabu nyepesi. Mwezi unaizunguka dunia, nao pia kuelekea mashariki, kwa hiyo kila siku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Siku ya saba hivi huchomoza adhuhuri, na wakati wa magharibi unaukuta nusu, uko juu ya kichwa. Mwezi wa kumi na nne huchomoza jua likichwa, na huo ndio wa kuutazamia Paje au Jambiani, ukitoka baharini mwekundu na mzima. Baada ya hapo unazidi kuchelewa. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hawana haja ya kusomeshwa haya. Mbalamwezi ikiwaka usiku kucha taa zao hazifai kitu. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, wanapata kiza cha mwanzo wa usiku na kazi inarudi. Siku ya ishirini na mbili hivi hutoka saa sita usiku, na asubuhi watoto wakienda skuli bado uko juu, umepauka. Na ukitaka kimwezi chembamba kinachochomoza kweli mbele ya macho yako, kipo: ni cha siku mbili tatu za mwisho, hutokea mashariki alfajiri, jua likikifuata nyuma. Hicho hakuna anayekikusanyikia watu.

Kisha hupotea kwa siku moja au mbili, na hapa ndipo makosa yanapoanza, maana mtu huona kama mwezi umekwenda na mwengine utazaliwa jioni ile ya hilali. Mwezi hauendi popote. Waulize akina mama wa mwani: bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiwa mpevu, na huja vilevile siku hizi za kiza, maji yakapwa hadi mbali kabisa. Mwezi uko angani mchana, upande mmoja na jua, na vyote viwili vinaivuta bahari kwa pamoja.

Tulishawahi kuuona mchana ukiwa katika hali hiyo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, pale Mbarali, Mbeya, likabaki pete, na huku visiwani tukaliona limemegwa. Kile cheusi kilicholiziba ndio huo "mwezi mpya" unaoandikwa kwenye kalenda za simu, na saa yake ilikuwa sita na dakika tatu mchana. Jioni ya siku hiyo mwezi ulizama dakika chache tu baada ya jua, na hapakuwa na hilali ya kuonekana kwa macho. Kwa hiyo "mwezi mpya" wa simu si mwandamo. Baina ya hivyo viwili hupita kawaida saa kumi na tano kwa uchache, na mara nyingi zaidi ya siku nzima.

Kutokana na hilo nimeshuhudia watu wazima wakinuniana. Mwezi huonekana jioni ya kwanza ukiwa mnene, umekaa juu, unachukua zaidi ya saa nzima kuzama, na mtu anasema: "Huu wa siku mbili, leo tumekula mchana wa Ramadhani." Si lazima. Ikiwa jana magharibi ulikuwa na umri wa saa kumi na nne tangu kulipita jua, macho hayakuuona, na leo una saa thelathini na nane. Lazima uwe mkubwa, na bado ni hilali ya kwanza kuonekana. Anayeamini kwamba mwezi umechomoza jioni ile hawezi kulipokea hili, kwa sababu kwake umri wa mwezi unaanzia pale alipousimamia.

Basi kwa walimu, watangazaji na vijana wanaotuma picha: jioni ile semeni mwezi umeandama, au umeonekana, hata mkisema umetuonekania kabla haujazama ni sawa. Na mtoto akitaka kuuona ukichomoza, asubiri wiki mbili, kisha mumpeleke pwani ya mashariki wakati wa magharibi.