Muuzaji Akishasema "Sawa", Nyumba Inakuwa Yako Lini?

Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, Mtwara na Lindi huwa na harakati nyingine isiyotangazwa. Watu waliopanga kwa miaka mingi huanza kutafuta nyumba ya kununua. Wanazungushwa na dalali Chuno, Magomeni, Chikongola, au Mitwero kwa wale wa Lindi. Bei inavutana wiki mbili, halafu siku moja mwenye nyumba anasema, "Sawa, nimekubali." Mnunuzi anarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba wamepata nyumba.

Bado hawajapata. Walichonacho ni ahadi, na kati ya ahadi hiyo na nyumba kuna safari inayoweza kuchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi.

Sababu iko kwenye namna ardhi inavyomilikiwa Tanzania. Ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu anapouza nyumba yenye hati, anachouza ni jengo pamoja na haki ya kuikalia ardhi ile kwa muda ulioandikwa, ambao haupiti miaka 99. Haki hiyo inakaa kwenye daftari la Msajili wa Hati, na Sheria ya Usajili wa Ardhi inataka mauzo yasajiliwe ndipo haki ihame. Kwa hiyo nyumba inakuwa yako siku jina lako linapoandikwa mle. Kupeana mikono hakulifikii daftari, na hata funguo hazilifikii. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Maneno ya barazani, hata yakisemwa mbele ya mashahidi kumi, ni vigumu kuyasimamia mahakamani.

Ndiyo maana jambo la kwanza baada ya "sawa" ni kuzuia mkono usiingie mfukoni. Muuzaji ataomba kishika uchumba ili asimpe mtu mwingine. Ombi hilo si baya, lakini kiasi kiwe kidogo na kiandikwe: kimetolewa lini, kwa nyumba ipi, na kitarudishwaje ikiwa nyaraka zitaonekana na kasoro. Muuzaji mwema hatakasirika ukimwomba sahihi.

Kisha omba nakala ya hati na uende nayo ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi. Kuna ada ya kulipa, na malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, si kwa kumkabidhi mtu noti. Majibu ya upekuzi yatakuonyesha nani ameandikwa kuwa mmiliki, kiwanja ni namba ngapi na kiko kitalu gani, muda wa miliki umebaki kiasi gani, kama nyumba imewekwa rehani, na kama kuna mtu ameweka zuio. Linganisha kila tarakimu na nakala uliyopewa. Muuzaji akikwambia hati halisi "iko salama benki", muulize taratibu kama ana mkopo. Nyumba yenye rehani inaweza kuuzwa, ila benki lazima ihusishwe, deni lilipwe na rehani ifutwe kwanza. Uliza pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Kodi hiyo ni ya kila mwaka, na deni la miaka sita halitasahaulika kwa sababu tu mwenye kiwanja amebadilika.

Karatasi zikiwa safi, bado kuna watu, na kwa huku kwetu Kusini hapa ndipo penye kazi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya huyo mwenzake iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Ukiambiwa "mama hana shida, tumeshaongea", jibu kwa heshima kwamba utafurahi kumwona mama mwenyewe.

Nyumba ya urithi ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wamehesabu ukoo upande wa mama kwa vizazi vingi, na neno la mjomba limekuwa zito kwenye mali. Wakati huohuo familia nyingi ni za Kiislamu na hugawana mirathi kwa mafungu ya dini. Kwa hiyo nyumba moja ya marehemu kule Mikindani inaweza kuwa na watoto wanaoamini ni yao, shangazi mwenye fungu lake, na mjomba anayejiona ndiye msemaji. Kisheria anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ili nyumba iuzwe kwa utaratibu wa kawaida jina lake linaingizwa kwanza kwenye daftari kwa nafasi hiyo ya usimamizi. Mtoto mkubwa aliyeshika hati ya baba yake hajawa msimamizi kwa kuishika. Mimi hushauri hata msimamizi akiwa na barua yake ya mahakama, mnunuzi aombe kikao na warithi wote, mjomba akiwamo, na kila mmoja aweke sahihi kwamba ameafiki mauzo. Sheria haikulazimishi kumketisha mjomba. Lakini ukoo uliorukwa ndio unaokwenda kuweka zuio wiki unayotaka kuhamisha jina, na wewe utakuwa umeshalipa.

Siku nyingine nenda kwenye kiwanja chenyewe na mpimaji, mtafute bikoni zote, yaani alama za mipaka. Ukuta wa jirani unaweza kuwa umeingia hatua mbili, na ugomvi huo ni mwepesi kwa muuzaji anayefahamiana na jirani, mgumu kwako mgeni. Ikiwezekana nenda tena mvua ikinyesha. Upepo wa bahari una chumvi, unakula bati na nondo polepole, na nyumba za Shangani zilizo karibu na maji zinaweza kupakwa rangi mpya juu ya nguzo zilizoanza kupasuka. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliacha mvua iliyokata hata barabara kuu pale Somanga, Kilwa. Jirani atakumbuka siku zile maji yalipita wapi, na hana sababu ya kukuficha.

Kama eneo halijapimwa, hakuna daftari la Msajili la kupekua. Hapo unategemea mkataba wa maandishi, mashahidi, majirani wa pande zote nne na ofisi ya serikali ya mtaa, na kama ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji lazima iidhinishe. Ulinzi wake ni mdogo kuliko wa hati, na bei inapaswa kulisema hilo.

Sasa ndipo mnaandikishana kwa wakili. Tafuta wakili wako, usitumie wa muuzaji. Mkataba useme bei, awamu za malipo, nani analipa kodi ipi, na siku ya kukabidhiwa nyumba. Fedha zipite benki, na awamu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi nyaraka za kuhamisha miliki ziwe zimesainiwa na hati halisi imekabidhiwa kwa wakili. Ukinunua kwa mkopo, usiahidi tarehe ya kulipa mapema mno: benki itamtuma mthamini wake, na hati itabaki kwao hadi umalize deni.

Kisha zinakuja kodi, ambazo huwashtua wengi kwa sababu hazikutajwa kwenye bei. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida anayopata muuzaji, ni ya muuzaji. Tuseme alinunua nyumba kwa shilingi milioni 40, anakuuzia kwa milioni 60, na ana kumbukumbu za gharama zake. Faida ni milioni 20, na kiwango kwa mkazi ni asilimia 10, yaani milioni 2. Aliyemiliki nyumba yake mfululizo na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi milioni 15. Bila uthibitisho wa TRA uhamisho haupiti, na muuzaji aliyeshapokea fedha zote hana haraka ya kwenda huko. Ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa mfano huu ni kama shilingi 600,000, kwa kawaida ni wako, pamoja na ada za uthamini na usajili. Uthamini unapita kwa mthamini wa serikali, na akiona nyumba ina thamani kubwa kuliko bei mliyoandika, hesabu itafuata thamani yake. Kupunguza bei kwenye mkataba ili kukwepa kodi hakusaidii.

Faili la uhamisho likishapokelewa ofisi ya ardhi, unasubiri. Wakati huo shughulikia mita. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na miezi ambayo umeme haukununuliwa hujilimbikiza, kwa hiyo nunua umeme kidogo mbele ya muuzaji uone kinachokatwa. Deni la maji uliza MTUWASA, au LUWASA kwa Lindi, kabla hajahama.

Ukiitwa kuchukua hati, isome ukiwa bado pale dirishani. Angalia jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kisha namba ya kiwanja na kitalu.