IELTS haipimi nani kameza kamusi

Jamani kuna watu wanajiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa kukariri malisti ya maneno magumu, eti ukimwaga "plethora" na "myriad" kwenye insha basi band 8 hiyo (alama ya juu, mwisho ni 9). Wapi! Msamiati ni robo tu ya maksi za insha, robo nyingine grama, nusu iliyobaki ni kama umejibu swali na kama hoja zako zinaungana, na hata kwenye huo msamiati wanaangalia neno limekaa mahali pake au umelichomeka tu. Halafu huyohuyo wa "plethora" anaandika "discuss about", wakati "discuss" haitaki "about" kabisa (hii inatuponza wengi sana). Bora uandike insha zako za maneno 250 kwa dakika 40, umpe mtu mkali azichanechane.