Rekodi ya jinai na hati ya kukamatwa mpakani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika vituo vya mabasi ya Kampala yaendayo Nairobi na Kigali, na kwa mawakala wanaopeleka vijana kufanya kazi Uarabuni, yako maneno yaliyorudiwa mpaka yakachukuliwa kuwa sheria. Mojawapo ni kwamba aliyewahi kufungwa hapati tena pasipoti. Si kweli. Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya kutoka nchini, kurudi na kuwa na pasipoti, na aliyemaliza kifungo chake hajavuliwa uraia. Kinachomfunga miguu msafiri ni kesi ambayo haijaisha, kwa sababu mahakama inapotoa dhamana mara nyingi humwamuru mshtakiwa akabidhi pasipoti, na anayetoroka kwa njia za panya huwaacha wadhamini wake matatani.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile isemayo kuwa hati ya kukamatwa huchakaa kwa miaka. Kwa sheria ya Uganda, hati hiyo hubaki na nguvu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Mtu aliyeacha kufika mahakamani katika kesi ya ugomvi, akahamia wilaya nyingine na kuanza maisha upya kwa uaminifu, anaweza kukumbana nayo siku anapokwenda kuomba cheti cha mwenendo mwema cha Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ili apate kazi ng'ambo. Huyo hakuwa akijificha. Hakuelezwa tu kwamba ukimya si msamaha.

Wengine husema, "Ukishavuka Busia umepona." Ni kweli kwamba hati ya Uganda peke yake haimpi askari wa Kenya mamlaka ya kukukamata. Lakini sheria ya Kenya inamruhusu hakimu wa huko kuiidhinisha hati iliyotoka nchi jirani, nayo ikatekelezwa. Tangu 2014 Mganda huingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, ila uhuru huo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una mipaka yake pale usalama wa umma unapohusika.

Kuhusu Interpol yenyewe, notisi nyekundu si hati ya kukamatwa. Ni ombi linalopelekwa kwa nchi wanachama, nazo ni 196, na kila nchi huamua kwa sheria zake uzito wa kuipa.

Kwenye viza, ushauri wa "usiandike, hawatajua" ndio unaoharibu wengi. Fomu ya Marekani huuliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa, na uongo juu ya jambo zito unaweza kukufungia mlango maisha yako yote, ilhali kosa lenyewe pengine lisingekuzuia. Uingereza humkataa aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi. Kanada, tangu Desemba 2018, huhesabu kuendesha gari ukiwa umelewa kuwa jinai nzito, kosa ambalo kwetu wengi huliona la faini tu.

Kwa hiyo mwenye kesi ya zamani aanze kwa wakili kabla ya tiketi: hati ifutwe na mahakama ileile iliyoitoa, na nakala ya amri hiyo, yenye muhuri, asafiri nayo.