Shehena Haihesabiwi Bandarini: Kilo 25 Kati ya Kondoa na Dodoma

Vita vikitajwa kwenye taarifa ya habari, kinachosomwa ni orodha ya ahadi: nchi fulani imetoa mizinga, nyingine makombora, ya tatu imefungua mkopo. Mimi huanzia mwisho wa njia. Namchukua askari aliye handakini, nauliza kesho atakula nini na atapiga risasi ngapi, halafu narudi kinyumenyume hadi melini. Ukihesabu hivyo, sehemu kubwa ya zile ahadi inayeyuka njiani.

Msomaji wa Dodoma hahitaji mfano wa Ulaya. Anao Vita Kuu ya Kwanza, iliyopita Kondoa, ikashuka hadi stesheni yetu, ikaenda Iringa.

Mwaka 1914 Ujerumani ilikuwa na reli mbili hapa. Moja ilitoka Tanga hadi Moshi. Nyingine ni Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Bahari ilishikwa na Waingereza tangu mwanzo. Upande wa Waingereza walikuwepo Wahindi, Waafrika Kusini, Wabelgiji wa Kongo na, kuanzia Machi 1916, Wareno. Upande wa Wajerumani hakukuwa na mshirika hata mmoja mwenye jeshi jirani. Kwenye karatasi vita hivyo vilipaswa kwisha mapema. Vilidumu hadi Novemba 1918.

Sababu ya kwanza ni meli mbili. Kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilianza vita na bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na adui aliona hasa ulipolala. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina Kronborg, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikifukuzwa na manowari Hyacinth. Nahodha akaikwamisha, akaifungulia maji ili shehena izame kabla ya kuungua. Mbao zilizokuwa juu zikawaka moto, na Waingereza wakaamini kila kitu kimeteketea, wakaondoka. Chini ya maji zilikuwepo bunduki zipatazo 2,000 za kisasa zisizotoa moshi na risasi za mamilioni.

Kuziopoa ulikuwa mwanzo tu wa kazi. Risasi iliyolala kwenye maji ya chumvi hailipuki, au inalipuka kwa kuchelewa, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu mpigaji anafungua chemba akidhani imekufa. Kwa hiyo zilifunguliwa mojamoja, baruti ikaanikwa, fataki (vichocheo vya kuwasha baruti) zilizooza zikatengwa, kisha zikafungwa upya. Hata hivyo zenye hitilafu zilibaki nyingi, zikatumika mazoezini. Msaada wa nje bila karakana na mikono ya namna hiyo ungebaki chuma chenye kutu.

Meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi kusini ya Lindi Machi 1916 ikiwa na mizinga, risasi, dawa na nguo. Nikiulizwa ni shehena gani ya vita hivyo iliyopangwa kwa akili kuliko zote, nitaitaja hii, kwa sababu vitu vilifungwa kwa uzito wa kichwa cha mpagazi tangu Ulaya. Aliyefunga alijua kwamba Sudi hakuna reli wala winchi. Jaribio la tatu lilikuja kwa anga. Novemba 1917 puto kubwa la Kijerumani lenye injini, L 59, liliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, na tani zipatazo 15 za vifaa, likafika usawa wa Sudan, likaitwa lirudi. Lilikaa angani saa 95 na halikuleta hata vidonge vya kwinini.

Sasa tushike kalamu. Mpagazi wa wakati ule alibeba takriban kilo 25. Tumpe posho ya kilo moja ya unga kwa siku na mwendo wa kilomita 20. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kilomita 160 hivi, yaani siku 8 za kwenda na 8 za kurudi. Asipopata chakula njiani atakula kilo 16 za mzigo wake mwenyewe. Kinachobaki Kondoa ni kilo 9.

Weka askari 1,000 Kondoa, kila mmoja na kilo moja kwa siku. Utahitaji wapagazi 111 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku 16 kwenda na kurudi, wawepo njiani karibu 1,800 kwa wakati mmoja. Hapo hakuna mgonjwa, hakuna aliyetoroka, hakuna mto uliofurika, na hujabeba risasi hata moja.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa Dodoma hadi Iringa, kilomita kama 260. Siku 13 kwenda, 13 kurudi, kilo 26. Mzigo ni kilo 25. Mpagazi anaumaliza wote kabla hajarudi nyumbani, na kule alikokwenda hajaacha kitu. Jeshi linaloamua kwenda hivyo lina njia mbili tu: kuweka maghala ya kupokezana njiani, kazi inayotaka miezi, au kula cha wenyeji. Reli inabadili kila kitu. Behewa dogo la tani 10 ni mizigo ya watu 400, na halili unga.

Rudi sasa Kondoa ya 1916. Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alimtuma Jenerali van Deventer na wapanda farasi wa Afrika Kusini washuke kutoka Arusha waikate Reli ya Kati. Waliitwaa Kondoa Aprili 19, katikati ya masika. Ukiangalia ramani yenye vibendera utasema wamebakiza hatua moja. Angalia mkia wao: kituo cha reli walichokitegemea kilikuwa upande wa Moshi, zaidi ya kilomita 300 nyuma, na katikati kuna mbuga ambazo kila dereva wa huku anazijua. Udongo mweusi ukilowa unafunga gurudumu mpaka linaacha kuzunguka. Farasi walikufa kwa nagana inayoenezwa na mbung'o na kwa ugonjwa wa farasi unaokuja na mvua. Wajerumani nao walikuwa na Dodoma nyuma yao, kilomita 160 na treni inayotembea.

Ndiyo maana von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweza kusogeza nguvu kwa reli kutoka kaskazini na kushambulia Kondoa usiku wa Mei 9. Alikuwa hata na mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915; mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu. Ganda la mzinga ule peke yake ni kilo 17 hivi. Ukiongeza baruti na kasha lake la shaba unapata mzigo wa mtu mmoja. Maana yake kila mlio uliosikika Kondoa ulikuwa mpagazi mmoja aliyetembea siku nane.

Shambulio lilishindwa. Lakini van Deventer naye hakusogea hadi mvua zilipokatika na barabara ikakauka. Aliingia Dodoma Julai 29. Majeshi mawili yalitazamana zaidi ya mwezi, kila moja likisubiri chakula kuliko amri.

Kuitwaa stesheni si sawa na kuipata reli. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja kati ya Morogoro na Dodoma na kuondoa au kuharibu injini. Wahandisi wa Smuts walitengeneza madaraja ya muda yasiyoweza kubeba injini ya mvuke, kisha wakavisha malori magurudumu ya reli, wakayapitisha juu yake. Ni ujanja wa fundi ninaoupenda kuliko ushindi wowote wa kampeni ile. Bahati nyingine ilikuwa upana. Reli ya Wajerumani ilikuwa ya mita moja, sawa na ile ya Mombasa na nyingi za India, hivyo vifaa vya mshirika viliingia bila kubadili ekseli. Anayesimama Dodoma leo anaona tofauti hiyo kwa macho: reli ya zamani ni milimita 1,000, SGR ni 1,435, na behewa la moja haliingii kwenye nyingine hata kwa dua.

Kuna hitilafu moja ambayo vitabu vya mizinga huiruka: unga. Wapagazi waliozoea ndizi, wali au mtama walipewa unga wa mahindi, mara nyingi wa kukoboa vibaya, bila sufuria za kutosha na bila kuni kavu wakati wa mvua. Aliyefika kambini saa moja usiku akilowa hakungoja uive. Unga mbichi ukakwangua matumbo, wakaharisha damu, wakafa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Waingereza na washirika wao walitumia wapagazi wapatao milioni moja kwa jumla. Vifo vilivyoandikwa ni takriban 95,000, na wengi hawakuandikwa popote. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kutokana na kikosi hicho, Carrier Corps.

Na wenyeji? Ile hesabu ya Iringa ililipwa Ugogo. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana walipokuwa wakirudi nyuma, na Waingereza wakachukua vilevile walipofika. Uwele na mtama wa akiba, ambao kaya ya Kigogo iliuweka kwa ajili ya mwaka mbaya, ulikuwa umeshaliwa na majeshi mvua ilipogoma. Njaa iliyofuata, hadi mwaka 1920, inaitwa Mtunya. Makadirio ya utawala wa Kiingereza yalikuwa vifo 30,000 kati ya watu 150,000. Ninaposoma kwamba jeshi fulani "lilijitegemea kwa chakula cha eneo", nasoma Mtunya.

Msaada mzuri kuliko wote ni ule unaojibeba. Katika Vita Kuu ya Pili Marekani, chini ya sheria ya mkopo-kukodi ya Machi 1941, iliipa Urusi ya Kisovieti magari karibu 400,000, mengi yakiwa malori ya Studebaker. Yaliyopitia Iran yaliunganishwa hukohuko, yakapakiwa shehena nyingine, yakaendeshwa hadi mpakani. Zikaja pia injini za treni zipatazo 2,000. Watu hubishana kuhusu vifaru vilivyotumwa; mimi naona malori na injini ndivyo vilivyoliwezesha jeshi la Sovieti kusonga mbele mamia ya kilomita bila kukatika pumzi.

Kinyume chake tulikiona kwenye vita vya Kagera. Libya ilimpelekea Idi Amin askari na silaha kwa ndege hadi Entebbe. Machi 1979 walisukumwa mbele hadi Lukaya, barabara iliyopita katikati ya kinamasi, hawaijui ardhi wala lugha ya wenzao, huku askari wengi wa Amin wakirudi nyuma. Ndege yao ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaua wanyama kwenye hifadhi ya Saa Nane. Tanzania ilikuwa na mkia mrefu, kwa reli hadi Mwanza, kwa ziwa hadi Bukoba, kwa malori na mabasi yaliyochukuliwa mitaani, lakini mkia huo ulikuwa wake mwenyewe na ulifika. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Mshirika mwenyewe anaweza kugeuka mzigo. Wabelgiji waliitwaa Tabora Septemba 1916, lakini walitembea kwa wapagazi waliopewa na Waingereza wa Uganda, na baada ya ushindi Waingereza walihangaika zaidi kuwatoa mjini kuliko kumfuata adui. Mwaka uliofuata Waingereza wakalazimika kuwaomba Wabelgiji warudi, nao wakaitwaa Mahenge Oktoba 1917.

Wareno ndio kisa cha ajabu zaidi. Mwishoni mwa 1917 Wajerumani walikuwa wamebanwa kusini, risasi za Rubens na Marie zinaisha, watu wanakula kinachopatikana porini. Novemba 25 walivuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Kireno ya Ngomano. Waliondoka na bunduki mpya, bombomu na risasi zipatazo 250,000. Kwa miezi kama kumi iliyofuata waliishi hivyo Msumbiji, kutoka bohari moja ya Kireno hadi nyingine. Meli hazikuhitajika tena: Ureno ilileta shehena kwa gharama yake, ikaishusha, ikaihifadhi, ikaiweka mahali ambapo adui angefika kwa miguu.

Mwaka mmoja kamili baadaye, Novemba 25, 1918, von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Waingereza walipozikagua bunduki zilizowekwa chini, nyingi zilikuwa za Kireno na za kwao wenyewe.