Sentimita tisa kwa sekunde

Miaka ya 1960, treni ya mizigo iliyotoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa na kilomita 530 hivi za kupanda. Reli inaanzia baharini na kufika zaidi ya mita 1,600 juu. Kazi hiyo walipewa Garratt wa aina ya 59, injini 34 za mvuke zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 ili kukokota tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Mzigo kama huo haukimbizwi. Tuseme treni inapanda kwa kilomita 30 kwa saa. Gawanya kwa 87, maana ninajenga reli ndogo za mfano kwa kipimo cha 1:87, kinachoitwa HO, na unapata sentimita 9.6 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ninayoitafuta mezani kwangu jioni nikitoka kazini, na nikishaipata naitafuta nusu yake.

Wageni wengi huuliza treni yangu inaweza kukimbia kiasi gani. Kukimbia si kazi. Mota yoyote ya volti 12 ukiipa umeme wote itakimbia, na ikishashika kasi itavuka kila kasoro bila wewe kujua: reli chafu, waya uliolegea, kiungo kibovu, gurudumu lililopinda. Ishushe hadi mwendo wa kutambaa na kasoro zote zinajitokeza, kwa kuwa hakuna tena msukumo wa kuzificha. Kwa hiyo nikitaka kujua kama kazi imesonga mwezi huu, sihesabu nyumba nilizojenga wala mibuyu niliyopanda. Naweka injini mwanzo wa njia, naishusha hadi iwe inasogea tu, na kutazama inakwama wapi.

Ninajenga stesheni ya Voi ya enzi za East African Railways, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Voi ni njia panda: hapo ndipo inapochepuka reli iliyotandikwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuelekea Taveta hadi Kahe, upande wa Tanzania. Stesheni ya namna hii ina kazi nyingi. Treni inaingia, inaacha mabehewa, inachukua mengine, inangoja mwenzake wa upande wa pili apite kwa sababu njia kuu ni moja. Yote hayo hufanyika polepole, nyuma na mbele, na injini isiyoweza kutambaa haifai hapo hata kama imepakwa rangi vizuri kiasi gani.

Mwendo wa polepole unanipa pia nafasi, na nafasi sina. Kilomita moja ya reli ya kweli kwa kipimo changu ni mita 11 na nusu. Ukuta wangu haufiki mita nne. Treni inayokwenda kasi ya kitoto humaliza ukuta huo kwa sekunde kumi, na mtazamaji anaona chumba. Treni ya sentimita 9.6 kwa sekunde inahitaji kama sekunde 40, na katika muda huo jicho linaanza kuamini kwamba kuna safari.

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kamili. Milimita 1,000 ukigawa kwa 87 unapata 11.5. Wapenzi wa reli za Uswisi, ambako reli nyembamba nyingi nazo ni za mita moja, walishalitatua tatizo hili kwa kutumia reli ndogo za milimita 12 na kuziita HOm. Nusu milimita ya ziada haionekani. Peco wa Uingereza huuza reli hizo, na kampuni ya Bemo ya Ujerumani imejikita katika treni za kipimo hicho. Hakuna anayeuza Voi dukani, lakini ukishakuwa na reli na magurudumu ya milimita 12, kilichobaki juu yake ni mikono yako.

Sasa tuingie chini ya meza, maana mwendo wa polepole huanzia huko. Kazi yangu ya mchana ni ufundi wa umeme wa majumbani, na ningeomba kila anayeanza alichukulie jambo hili kama anavyochukulia nyaya za nyumba yake. Reli za kisasa ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hazishiki kutu kirahisi, lakini zinapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu kwa zaidi ya mara kumi. Vibati vinavyounganisha kipande na kipande hulegea na kuchafuka. Ukitegemea umeme usafiri kwenye reli zenyewe kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwingine, utafika umechoka. Mimi napitisha nyaya mbili za milimita za mraba 2.5 chini ya mbao kwa urefu wote, zile zile tunazotumia kwa soketi na zinazopatikana kila duka la vifaa, kisha kila kipande cha reli, hata kiwe kifupi vipi, nakichomelea kwa solda waya wake mwembamba unaoshuka hadi kwenye nyaya hizo nene.

Baadaye napima kwa sarafu. Washa umeme, laza sarafu ya shilingi juu ya reli zote mbili, na kituo cha kuongozea treni kinatakiwa kikate umeme papo hapo. Rudia kila baada ya hatua chache. Pale ambapo sarafu inakaa na umeme haukatiki, kuna ukinzani mkubwa mno njiani; siku treni itakapotoka reli hapo, umeme utaendelea kupita hadi plastiki iyeyuke. Usiondoke hapo kabla hujaongeza waya.

Kituo changu cha kuongozea nimekiunda kwa DCC-EX, programu huria inayowekwa kwenye bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Arduino Mega, yenye bodi ya kuendeshea mota juu yake. Vyote hivi hupatikana Nairobi, kwa wauzaji wa elektroniki wa Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Mfumo wa kidijitali hupeleka umeme kwenye reli wakati wote, na pamoja na umeme huo amri zenye namba ya kila injini. Ndani ya injini kuna dikoda inayosoma amri zake na kuziacha za wenzake. Ninaendesha kwa simu kupitia Wi-Fi, na umeme wa nyumba ukikatika nahamia kwenye betri ya sola ya volti 12, yenye fyuzi, bila treni kujua tofauti.

Jambo kubwa ambalo dikoda nzuri hufanya ni kusikiliza mota. Mara nyingi ndani ya kila sekunde inakata umeme kwa kitambo kidogo sana, na mota inayozunguka bila kulishwa huwa jenereta. Dikoda inapima volti hiyo. Ikiwa imeshuka, maana yake injini imekutana na mlima au kona, inaongezewa. Ikiwa imepanda, inapunguziwa. Kwa njia hiyo injini inaweza kutambaa kwa mwendo uleule juu ya meza yote. Anayeanza aguse namba chache tu za mipangilio: ya 2 huamua volti ya kuanzia, ya 3 uzito wa kuondoka, ya 4 urefu wa kusimama, ya 5 kilele cha kasi. Mimi kilele nakishusha sana. Injini ya mizigo ya Voi haina haja na kasi ya treni za leo za SGR.

Lakini dikoda haiwezi kupima umeme usioifikia. Gurudumu linagusa reli kwenye sehemu ndogo kuliko ncha ya sindano, na hapo kati ya chuma na chuma hupita vicheche visivyoonekana. Vicheche, vumbi na mafuta ya gia kwa pamoja ndivyo vinavyotengeneza ule weusi unaobaki kidoleni ukipapasa reli. Usiuondoe kwa msasa. Msasa unachimba mifereji midogo, na mifereji hiyo ndiyo makao ya uchafu unaofuata. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili, au mafuta meupe ya kuyeyushia rangi ambayo wengi siku hizi wanayapendelea kwa kuwa weusi haurudi upesi; mimi natumia hayo ya pili, dirisha likiwa wazi na umeme ukiwa umezimwa, kwa sababu yanashika moto. Safisha na magurudumu. Vumbi la Nairobi halina msamaha, hivyo kazi ikiisha nafunika meza nzima kwa shuka jepesi.

Udongo nao una adabu zake. Nimeletewa udongo mwekundu wa Voi wenyewe, maana hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Nimeukaanga kwenye sufuria kuua wadudu, nikauchekecha kwa soksi ndefu ya nailoni, kisha nikaupitishia sumaku tena na tena. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Udongo wetu una punje za chuma, mota ina sumaku, na punje moja ikiingia ndani ya mota imekwisha kazi. Kokoto za reli nazo nazimwaga zikiwa kavu, nazilowesha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa nusu kwa nusu inaingia yenyewe hadi chini. Karibu na pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, natumia kidogo sana, maana ndimi za pointi zikigandishwa na gundi hazitasogea.

Pointi ndipo injini nyingi hukwama. Pale reli mbili zinapokatana, chuma kilekile kinahitajika kuwa cha upande wa kulia treni ikienda huku, na cha upande wa kushoto ikienda kule. Wengine hukiacha bila umeme na kuomba injini ivuke kwa msukumo. Kwa mwendo wangu hakuna msukumo. Kila pointi yangu inavutwa na mota ndogo ya servo ya gramu tisa, ile wanafunzi wanayotumia kwenye roboti, na inapogeuka inasukuma swichi inayobadili umeme wa hicho kipande cha katikati.

Juma lililopita mpwa wangu alishika simu akaachia treni ikatoka Voi kama pikipiki. Kuna mzee jirani yetu aliyekuwa akichochea moto kwenye injini za reli, na siku hiyo alikuwa amekuja kutazama.

"Shikamoo, babu," kijana akasema bila kuinua macho.

"Marahaba. Punguza, mjukuu wangu. Huoni una mzigo nyuma?"

"Mabehewa ni ya plastiki, babu."

"Ya plastiki, lakini umeyaandika mbolea na simiti. Mwache avute."

Kijana akapunguza. Mzee akasogeza kiti karibu na hakuondoka hadi saa ya kula.

Na mabehewa yenyewe yanahitaji uzito wa kweli. Chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO gramu 28 za msingi na kama gramu 14 kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu. Behewa la sentimita 15 linafika gramu 113 hivi. Natumia vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu, ambavyo mafundi wa matairi huvitupa. Vishike kwa glavu, osha mikono, na usiviache mahali watoto wanapofika.

Kilichonifanya nichague Garratt, mbali na kuipenda, ni umbo lake. Boila imelala katikati juu ya fremu, na chini yake hakuna gurudumu hata moja. Mbele kuna injini kamili chini ya tangi la maji, nyuma kuna nyingine chini ya tangi la mafuta, na boila imeshikwa kati yao kwa egemeo mbili. Uzito wa zaidi ya tani 250 ukagawanywa kwa ekseli 14, nane zikiwa za kuvuta, na kwenye kona kila upande ukafuata reli yake huku boila ikikata kona kwa ndani. Wahandisi waliitaka hivyo kwa sababu ya reli nyembamba na kona nyingi. Kwa mjenzi wa kipimo kidogo kuna faida nyingine: nikichukua umeme kutoka magurudumu ya mbele na ya nyuma, injini ya sentimita 36 inakuwa na mguu kila upande wa doa chafu. Haiwezi kukwama kirahisi.

Vipimo nimevitoa kwenye injini yenyewe. Namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye jumba la makumbusho la reli jijini Nairobi, rangi yake ya damu ya mzee bado inaonekana, na mtu mwenye futi ya utepe na subira anaweza kuipima kifaa kwa kifaa. Picha hazitoshi. Picha haikuambii tangi la mbele limeviringwa kiasi gani kwenye ukingo wa juu.

Hadi leo sehemu ya mbele inatembea. Ina mota yake, gia zimelainika vizuri baada ya kuzungushwa jioni kadhaa bila mzigo, na peke yake inatambaa chini ya sentimita tatu kwa sekunde. Sehemu ya nyuma ina magurudumu lakini bado inangoja mota inayolingana na ya kwanza, kwa kuwa zote mbili zitalishwa na dikoda moja na mota zisizolingana zitavutana. Boila kwa sasa ni karatasi ya manila iliyoviringwa, yenye alama za penseli mahali pa egemeo. Nikishahakikisha inapita kona ya nusu kipenyo cha sentimita 60 bila kugusa matangi, nitaikata kwa bati la shaba.